Lufira iko karibu, tuende kuiona

Kiangazi kimefika, baridi ya asubuhi imeanza kuuma, na vakansi ya watoto iko karibu. Kila mwaka wakati kama huu, ndani ya nyumba nyingi za Lubumbashi na Likasi kunatoka ulizo lile lile: safari hii tutatembea wapi? Wenye makuta wanavuka mupaka pa Kasumbalesa na kuenda kupumzika Zambia. Wasio nayo wanabaki kwenye viti vya plastiki mbele ya bar, musiki juu sana, mupaka jua linashuka. Sisi tunasema kuna njia ya tatu, na haiombe pasipoti: twende kwenye ziwa la Lufira.

Wengi wetu tunajua Kapolowe kupitia dirisha la gari tu. Taxi-bus inasimama Kapolowe-Gare, wamama wanakuja mbio na mafungu ya samaki, tunabishana bei kidogo, tunalipa, tunafunga dirisha, safari inaendelea Likasi. Lile ziwa lenye samaki ile imetoka, hatujaliona. Kuko watu wazima, wenye kuzaliwa Lubumbashi na kulelewa kwa samaki ya Kapolowe, ambao hawajafika hata siku moja pale maji yanaanzia. Hiyo haya si yao peke yao, ni yetu sisi wote. Na si haya tu, iko na bei yake, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze na kujua ni kitu gani tunachokiita ziwa. Tshangalele, ndilo jina lake, halikuumbwa na Mungu siku moja na Tanganyika. Ni watu walilitengeneza. Union Minière ilihitaji umeme kwa kuyeyusha shaba, basi ikafunga muto Lufira pale Mwadingusha, juu ya maporomoko ya Cornet. Mwaka 1930 mashini za umeme zilianza kuzunguka, na nyuma ya ukuta maji yakafunika bonde, kilometa za mraba zaidi ya 300 wakati ziwa limejaa. Mwaka 1950 kukaongezwa centrale ya pili chini yake, pale Koni. Mwadingusha ilikuja kuchoka, ikatengenezwa upya, na tangu 2021 inaweza tena kutoa megawati 78. Kisha pale, Lufira inaendelea na safari yake mupaka Upemba, inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo inayokuja kuitwa muto Congo. Mutu wa Kinshasa mwenye kuchota maji ya muto anachota pia kidogo ya kwetu.

Lakini maji yakikaa mahali miaka mingi, maisha yanakuja. Ziwa hili halina kilindi kirefu, na pembeni yake kuna matete na mafunjo yasiyo na mwisho. Samaki wakazaa humo: tilapia, kambale na wengine. Ndege wakaja kwa maelfu. Mumoja kati yao ni kandege kadogo ka manjano, kenye uso mweusi, kanakosuka nyumba yake ndani ya vichaka vya majini. Watu wa sayansi walikapa jina rasmi mwaka 1982, Ploceus ruweti, kwa heshima ya Mubelgiji Ruwet aliyekaona. Kandege hako hakapatikane fasi ingine yoyote ya dunia, ni ndani ya bonde la Lufira tu. Wageni wanatoka Ulaya na majumelle shingoni kwa kukatafuta. Sisi tunapita kilometa chache kutoka pale, tukilala ndani ya gari.

Mwaka ule ule wa 1982, UNESCO iliandika Lufira kati ya hifadhi za biosfera za dunia. Inchi yetu nzima iko na tatu tu: Yangambi na Luki, zilizoandikwa 1976, na hii ya kwetu. Neno hili tulielewe muzuri, kwa sababu wengi wanalichanganya na parc. Ndani ya parc ya taifa, kama Upemba ao Kundelungu, sheria inakataza mutu kukaa, kulima na kuloba. Hifadhi ya biosfera iko na mupango mwingine. Kuna sehemu ya katikati yenye kuchungwa sana, kuna sehemu ya kuizunguka yenye kazi za kiasi, na kuna sehemu ya nje ambamo watu wanaishi, wanalima, wanaloba, wanauza. Mutu hafukuzwe. Anaombwa tu aishi kwa namna ambayo watoto wake pia watakuta samaki.

Mutu akifika, anafanya nini? Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni kupiga kafi. Hakuna haja ya bato ya motere yenye kelele. Kuko mutumbwi wa muvuvi, na kuko muvuvi mwenyewe ambaye anajua fasi maji ni mafupi na fasi visiki vya zamani vinangojea chini. Asubuhi mapema ndiyo saa yake: upepo bado umelala, maji yako kama kioo, ndege wako kwenye kazi. Anayependa kushika kafi mwenyewe, muvuvi atamufundisha, na kisha nusu saa atajua namna gani mikono ya wale watu imefanywa. Lakini tuseme wazi: mutumbwi si mahali pa kuchezea. Asiyejua kuogelea avae gilet, na anayejua avae pia. Watoto wasirundikwe sita ndani ya mutumbwi wa watu watatu. Pombe ibaki inchi kavu. Muvuvi akisema upepo unakuja turudi, turudi, hata kama tulilipa saa mbili.

La pili ni kuloba. Ndobo, kamba, munyoo ao kipande cha bukari, inatosha kwa mwanzo. Lakini iko sheria. Uvuvi unafungwa wakati samaki wanazaa, na wakati ule mugeni pia anaweka ndobo chini. Yule asiyekuwa na njaa hawezi kupata ruhusa yenye mwenye njaa amenyimwa. Na hata wakati umefunguliwa, samaki kadogo karudishwe majini. Tumezoea kulaumu walobaji kwamba wanatumia nyavu za matundu madogo na hata moustiquaire, zinazokomba mupaka mayai. Ni kweli, wengine wanafanya hivyo, na ni vibaya. Lakini nani anayenunua zile samaki za urefu wa kidole, zilizokaushwa, soko nzima imejaa? Ni sisi. Kama mununuzi anazikataa, wavu ule utakosa kazi.

La tatu ni njia za miguu. Kutoka mugini moja kuenda mwingine, kando ya maji na ndani ya pori la miombo, kuko njia ambazo wanainchi wanapita kila siku, kuenda shamba, soko ao misa. Hazina kibao wala rangi kwenye miti. Zinahitaji mutu wa pale wa kutuongoza, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu yeye ndiye anajua muti gani ni dawa, kichuguu gani kina nyoka, fasi gani watu hawapite kwa heshima ya wazee waliolala pale. Mwezi wa kumi na moja utakuta masuku. Mvua ikishika, utakuta bowa. Leo, wakati wa kiangazi, utakuta pia kitu kingine: moshi wa makala. Miti inaanguka, inafukiwa, inachomwa, inapakiwa kwenye kinga na kwenye lori, na inakuja kupika bukari yetu hapa muji. Udongo uliokuwa unashikwa na mizizi unakokotwa na mvua ndani ya ziwa. Ziwa lenye halina kilindi kirefu linazidi kujaa matope, samaki wanakosa fasi, na maji ya kuzungusha mashini za Mwadingusha yanapunguka. Mutu akitembea kwa miguu saa mbili tu ndani ya pori lile, anaelewa kuhusu délestage kuliko akisikiliza mikutano kumi.

Neno moja la afya, kabla hatujasahau. Maji ya kutulia, yenye majani pembeni, yanapendwa na konokono wadogo wenye kubeba bilharzia. Wazazi wasiache watoto wacheze ndani ya maji ya ukingo, kati ya matete. Na anayeona damu kwenye mukojo kisha juma chache aende kwa munganga, asingoje.

Sasa tufike kwenye mabishano, kwa sababu yako.

Wengine wanasema: muache ziwa lipumzike, wageni ni uchafu tu. Tunajua wanasema nini. Tumeona fasi nzuri za kandokando ya Lubumbashi zilivyogeuka, yenga moja kisha ingine, kuwa uwanja wa machupa, sashe na makopo. Haina sababu Lufira iwe tofauti kama sisi ni wale wale. Lakini dawa ya mugeni muchafu si kukosa wageni. Dawa ni sheria ndogo, yenye kueleweka, yenye kusimamiwa na watu wa pale: ulichokuja nacho, unarudi nacho. Hakuna sonorisation kando ya maji. Moto unawashwa fasi moja iliyoonyeshwa. Anayekataa, mulango ni ule pale.

Wengine, na hawa tunawasikiliza kwa masikio mawili, ni wavuvi wenyewe. Wao wanaogopa kitu kingine. Wanasema: leo mutakuja kutembea, kesho tajiri mumoja atakuja na makaratasi, atazungusha uzio kando ya maji, atajenga nyumba za nyasi za kulalisha watalii, na sisi tutaambiwa tuhame. Woga huu hauna mukosi wa bure. Ndani ya Katanga hii, ni migini ngapi iliyohamishwa kwa sababu chini ya nyumba zao kulikuwa na mawe ya bei? Mutu aliyehamishwa kwa shaba anaweza kuamini kwamba atahamishwa pia kwa uzuri. Kwa hiyo tunasema kwa nguvu: kutembelea Lufira kusiwe mulango wa kuuza ukingo wake. Ukingo ubaki wazi kwa mutumbwi wa muvuvi kama ulivyo. Mugeni apangishwe kwa mwenyeji, alale kwa mwenyeji, ale bukari na samaki ya mwenyeji, alipe mwenyeji. Wazee walisema mugeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mugeni njoo, mwenyeji ahame.

Hapo ndipo swali la makuta linaingia. Tunajua namna mambo yanavyoenda: siku wageni watakapokuwa wengi, bariere zitaota kama bowa. Huyu anaomba takse ya utalii, yule takse ya mazingira, mwingine amesimama tu na kofia. Mugeni atalipa mara tatu, atakasirika, hatarudi, na mugini hautaona hata franga moja. Kuwe na malipo moja tu, bei iandikwe kwenye kibao, risiti itolewe, na sehemu kubwa ibaki kwa migini ya ukingo, kwa kazi ambazo kila mutu anaweza kuziona: kisima, bati la masomo, gilet za watu wa mitumbwi. Kila kisha miezi tatu hesabu isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisi.

Tumebakiza neno lililo gumu, na ndilo linalotusukuma kuandika.

Ziwa hili linapokea maji ya Lufira, na linapokea pia yale yanayoteremka toka upande wa Likasi kupitia Panda. Likasi ni muji wa viwanda vya shaba na kobalti tangu siku za wakoloni. Yale yanayotoka viwandani hayabaki kiwandani. Yanafuata mutelemko, na mwisho wa mutelemko ni ziwa. Watafiti wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walipima kobalti ndani ya mukojo wa watu wa Katanga, na mwaka 2009 walitangaza kwamba wale wanaoishi karibu na mines na viwanda walikuwa nayo mingi kupita kiasi. Tangu pale, wengine wamepima maji, matope na samaki za Tshangalele yenyewe, na wamekutamo chuma za mines.

Hatusemi samaki ya Kapolowe ni sumu. Mutu asiende kuwavunjia wamama wa Kapolowe-Gare biashara yao kwa sababu ya maneno yetu. Tunasema kitu kimoja tu: watu wanaoikula kila siku, asubuhi na mangaribi, wako na haki ya kujua kilichomo. Sheria ya mazingira ya mwezi wa saba 2011 inawapa haki hiyo ya kujua. Lakini vipimo vinaandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, vinasomwa na maprofesa, vinawekwa kwenye makabati. Muvuvi wa ukingo hajaona hata ukurasa moja.

Na kwa nini hajaona? Kwa sababu yuko peke yake. Siku moja samaki zinaelea tumbo juu, yeye ndiye anaona. Anaenda kwa chef, chef anaandika barua, barua inakwenda territoire, kisha kimya. Ziwa lenye halina wageni, likifa, linakufa bila mashahidi. Lakini kama kila yenga kuna familia hamsini toka Lubumbashi na Likasi kando ya maji, mwalimu, munganga, avocat, mufanyakazi wa kampuni yenyewe pamoja na watoto wake, hakuna mutu atakayeweza kufungulia maji machafu usiku na kusema asubuhi kwamba ni uvumi. Wataona, watapiga picha, wataongea. Hii ndiyo bei ya haya tuliyoitaja mwanzoni: tumeacha wavuvi peke yao kuchunga kitu ambacho ni chetu wote.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na tunayaomba kwa majina ya kazi.

Kwa gouvernorat ya Haut-Katanga: vipimo vya maji na samaki vitangazwe kila mwaka, kwa Kiswahili, vibandikwe kwenye soko ya Kapolowe na kwenye redio za pale. Vibao viwekwe barabarani kuonyesha hifadhi iko wapi, kwa sababu leo mutu anaweza kupita ndani ya bonde la hifadhi ya dunia bila kujua.

Kwa kampuni za mines: Code minier iliyobadilishwa 2018 inawalazimisha kutoa asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wanainchi wenye kuzunguka kazi zao. Migini ya ukingo, yenye kupokea maji yao, isisahauliwe siku ya kugawanya, kwa kisingizio kwamba iko mbali na shimo. Maji yanafika mbali kuliko vumbi.

Kwa machef na watu wa chefferie: code hiyo hiyo inawapa entités zenu asilimia 15 ya redevance minière. Watu wanaijua hesabu hiyo sasa. Kipande kidogo tu kingetosha kulipa vijana kumi wa kusafisha njia na kuongoza wageni, mahali pa kuenda kuchoma makala.

Na kwa sisi wenyewe, wasomaji na waandishi: tuende. Tuchague siku moja ya vakansi hii. Tupige simu kwa ndugu aliye Kapolowe, kwa kuwa kila familia ya hapa iko na ndugu Kapolowe, tumwombe atutafutie mutu mwenye mutumbwi na akili. Tutoke mapema, tubebe maji yetu na sashe ya kurudishia uchafu wetu. Tukifika, tupitie kwanza kwa mukubwa wa mugini, tusalimie, tuseme tumekuja kufanya nini. Hiyo si kodi, ni adabu. Tulipe muvuvi bei ya siku yake nzima, si bei ya huruma, kwa sababu siku anatupitisha sisi, hakuloba. Na tumuulize maji yako namna gani mwaka huu, samaki zimeongezeka ao zimepunguka, tangu lini, na kwa nini anafikiri hivyo. Majibu yake tuyalete muji. Gazeti hili litayaandika.